Jibini la Makari

Kisu cha kijana wa forodha kimekaa hewani, juu ya ndoo ya jibini, wiki nzima, na mkono wake umeshaingia ganzi. Tumshushe, wasomaji wangu, kabla hajaomba likizo ya ugonjwa.

Mnajua tulikomea wapi. Jumamosi asubuhi, barabara ya kutoka kijiji cha Pile kwenda Larnaka. Gari la Emete limesimamishwa pembeni, linatetemeka kama mwenye homa. Kiti cha nyuma kimejaa ndoo za jibini. Jibini lenyewe limetengenezwa na mwanamke wa Kituruki, kwa maziwa ya kondoo wa upande wa Waturuki, na linaingia upande wa Wagiriki bila muhuri wa mtu yeyote. Likikamatwa, linafukiwa.

"Nakuuliza mara ya mwisho, mama," alisema kijana. "Humu mna nini?"

Kwa mtu wa kisiwa cha Kupro hilo ni swali la mtego. Ukisema hellim, umeshajitaja kuwa Mturuki. Ukisema halumi, umejifanya Mgiriki, na lafudhi itakuumbua. Jibini ni lile lile, chumvi ile ile, nanaa ile ile. Jina ndilo lenye polisi.

"Jibini," alijibu.

"Mwambie sabuni," alinong'ona Nazife kwa Kituruki. Nazife ni shoga yake wa tangu utoto, na alikuwa amebanwa kiti cha mbele na ndoo mapajani.

"La kuuza?" aliuliza kijana.

"La kuuza! Hebu nitazame vizuri, afande. Mtu huvaa hivi akienda kuuza?"

Kijana akamtazama. Gauni jekundu la hariri. Hereni za dhahabu za marehemu mama yake. Midomo imepakwa rangi na mkono usiozoea.

"Basi ni la nini?"

Emete akajinyoosha kitini. "La makari," akasema, na sauti ikamtetemeka kwa furaha.

Kisu kikashuka.

Kijana akavua kofia. Akafanya ishara ya msalaba, akakifunga kitambaa cha ndoo kwa adabu, kama anayemfunika mtoto.

"Samahani sana, mama. Sikujua. Mungu awape maisha ninyi."

"Amina, mwanangu! Na yako yaje upesi, nami nije nile!"

Kijana akabaki ameduwaa, kofia mkononi, mpaka gari likapinda kona.

"Umeona heshima hiyo?" Emete alipiga usukani. "Shoga, umeona? Wanatuzuia kwa karatasi miaka nenda rudi, kumbe neno moja tu linatosha!"

"Mbona alikutazama kama uliyemtukania mama yake?"

"Wivu. Hajaoa yule."

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, kaa hapa nikupe chai.

Emete ni mjane wa Pile, kijiji cha katikati ya mstari unaokigawa kisiwa cha Kupro. Wagiriki na Waturuki bado wanaishi humo pamoja, na askari wa Umoja wa Mataifa, wa kofia za buluu, wamekaa juu ya paa wakiwachungulia wasichinjane. Wanaochinjwa ni kondoo tu. Uwanjani pana migahawa miwili ya kahawa inayotazamana. Huku wanakunywa kahawa ya Kituruki, kule wanakunywa kahawa ya Kigiriki, na maskini kahawa haijui kama imebadilishwa uraia.

Hambis alikuwa Mgiriki wa Larnaka, mgane, mwenye gari la barafu na tumbo la kuchekesha. Kila asubuhi alifika bandani kwa Emete. Kondoo na mikono ni vya Emete, gari na wateja ni vya Hambis.

"Kisiwa hiki," Hambis alizoea kusema, "ni kondoo mmoja aliyekatwa katikati. Ninyi mkachukua kiwele, sisi tukachukua mdomo. Halafu kila mmoja anashangaa kwa nini ana njaa."

"Lira imeshuka tena," Emete humwambia.

"Ilipanda lini, nikaja kuipongeza?"

Ndivyo walivyoanza mapenzi, kwa kutaniana juu ya sufuria la maziwa. Emete akajifunza Kigiriki cha bandani: chumvi, moto, kunja, pindua, mjinga wewe. Akikunja jibini na nanaa ndani yake, alilibonyeza kwa dole gumba likabaki na kishimo. Hambis alikula kipande chenye kishimo kwanza, kila siku, na kusema, "Huu ndio muhuri pekee ninaoutambua."

Walikuwa na ndoto. Duka la mlango mmoja, pale uwanjani, katikati ya migahawa ile miwili. Kibao kimoja, hellim na halumi kwa herufi za ukubwa mmoja. Bei ya lira na bei ya yuro kwenye dirisha moja. Emete akate, Hambis apime.

"Na sisi wenyewe?" Emete aliuliza mara moja, macho yake kwenye sufuria.

"Sisi ghorofani," alijibu Hambis, macho yake dirishani.

Kila maziwa yakitiwa motoni, Emete humuuliza, "Mlango mmoja, Hambis?" Naye hujibu, "Makari."

Makari! Ni neno la Kigiriki lenye uchungu wa "laiti" na utamu wa "Mungu ajalie" vilivyokorogwa kikombe kimoja. Ukimwambia Mgiriki amani itakuja, anakwambia makari. Ukimwambia utanioa, anakwambia makari. Emete alilipenda neno hilo, na alilichoka.

Mpaka asubuhi moja Hambis alipoingia bandani amechomekea shati. "Naenda kukaa mjini siku kidogo," alisema. "Nina jambo la kumaliza. Nikirudi usiniulize tena. Nitakuwa na jibu."

Alikuwa ameshika kifua. Emete alidhani anatafuta kifungo cha shati.

Tangu hapo simu ya Hambis ikawa kimya. Badala yake ukaja uvumi, na uvumi wa Pile una miguu minne. Nazife ndiye aliyeuleta: Hambis alionekana, kabla hajaondoka, akiupima kwa futi mlango wa duka la kinyozi marehemu, pale pale uwanjani, katikati ya migahawa!

Na Alhamisi simu ikalia. Loizos, mwana pekee wa Hambis. Kijana aliyekuwa hamsalimii Emete hata kwa kukohoa.

"Bi Emete. Najua umeshasikia."

Moyo wa Emete ukaruka. "Nimesikia, mwanangu. Nimesikia!"

"Jumamosi asubuhi. Kanisani kwetu Larnaka. Tunataka jibini, lile bora. Ulikate vipande vidogo vya kugawia watu." Nyuma yake palikuwa na kelele za magari. "Ni la makari…" sauti ikakatika, ikarudi. "Baba mwenyewe ndiye aliyetaka liwe lako."

Emete akalia kwa furaha. Loizos akamsikia analia, akakata simu.

Sasa mmeelewa gauni jekundu limetoka wapi.

"Kanisani lakini," alisema Nazife, gari likiingia mjini. "Atakuoa kanisani? Utabatizwa kwenye ndoo?"

"Nani kasema kuoa? Labda ni kubarikiwa kwa duka. Wao hata pikipiki huipeleka kwa padri."

"Na labda ni uchumba."

"Na labda ni uchumba," alikubali Emete, masikio yamemwiva.

"Na yule mwanawe anayetaka kuuza biashara kwa kiwanda? Kakubali?"

"Kanipigia yeye mwenyewe! Kaniita Bi!"

Nazife akainua kidevu juu na kugonga ulimi. Hiyo ndiyo "hapana" ya kisiwa kile. Lugha wamegawana, dini wamegawana, hata makaburi, ila kidevu kikienda juu ni hapana pande zote mbili. "Mimi simwamini mtu anayebadilika kwa simu," alisema.

Walipofika kanisani, magari yalikuwa yamejaa hadi barabarani.

"Watu wote hawa!" Emete alishusha kioo. "Hambis wangu ana watu!"

"Wamevaa nyeusi wote."

"Ndio mtindo wa mjini. Sisi washamba ndio tunaovaa marangi."

"Emete, hata watoto?"

Emete hakusikia. Alikuwa ameshashuka, ndoo mkono huu, ndoo mkono ule, hereni zinacheza. Mlangoni palibandikwa picha kubwa ya Hambis, amevaa tai. Emete akacheka kwa sauti.

"Njoo uone! Wamemvisha tai! Anaonekana kama aliyekamatwa!"

Watu wakageuka. Mmoja, kisha kumi, kisha wote.

Nazife alimfikia akihema. Hakujua kusoma Kigiriki, ila macho alikuwa nayo. "Shoga. Huo ukingo mweusi wa picha."

"Ni fremu."

"Si fremu, Emete."

Kengele ikapiga. Ikanyamaza. Ikapiga tena, polepole, kama mtu anayetafuta neno. Mlango wa kanisa ukafunguliwa na wanaume wakatoka wamebeba sanduku mabegani. Mbele yao alitangulia Loizos, hajanyoa.

Alipoliona gauni jekundu alisimama.

"Leo?" alisema. "Leo hii umekuja na nguo hiyo?"

"Hambis yuko wapi?" aliuliza Emete.

Loizos alidhani anamdhihaki. Kisha akauona uso wake, akaona hadhihaki. Akageuza macho tu. Emete akayafuata macho yale mpaka yalipotua kwenye sanduku.

Ndoo hazikuanguka. Angekuwa mwingine ningewaandikia kwamba zilianguka na jibini likatapakaa, ingependeza gazetini. Emete hakuziangusha. Alizikaza mpaka vidole vikawa vyeupe, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kazi ya mikono yake, na mwenye kuagiza alikuwa amefika.

Herufi moja, wasomaji wangu. Makari ni matumaini. Makaria ni chakula cha makaburini: mkate, zeituni, jibini na mvinyo, ambavyo kila aliyezika hupewa getini kabla hajarudi nyumbani. Emete alikuwa akiwapa mkono wa pole majirani zake Wagiriki majumbani mwao, lakini makaburini mwao hajawahi kukanyaga. Neno hilo hakuwahi kulisikia. Kigiriki chake kilikuwa cha bandani, na bandani hapakufa mtu.

Yule kijana wa forodha! "Na yako yaje upesi, nami nije nile!"

"Twende nyumbani," alisema Nazife. "Twende, mwenzangu. Hili si letu."

Emete akainua kidevu juu.

"Niliagizwa," alisema. "Nitafikisha."

Nazife hakubishana. Akavua sweta yake nyeusi, akamvalisha Emete juu ya gauni na kufunga vifungo vyote hadi shingoni, yeye akabaki na blauzi ya kushindia yenye maua na doa la mchuzi mbele ya mji mzima. Kisha akamvua hereni, moja moja, akazitia mfukoni.

Makaburini meza ilikuwa imetandikwa karibu na geti. Loizos alimvuta Emete nyuma ya meza.

"Simama hapa, gawa, na usiseme kitu. Wakiuliza, jibini limetoka kiwandani."

"Baba yako alijua limetoka wapi."

"Baba hali leo. Wanaokula ni hawa, na nusu yao hawatii mdomoni kitu cha upande ule. Unataka walitupe chini juu ya kaburi lake?"

Emete akafunua ndoo. Watu wakaanza kupita. Kila mmoja alichukua mkate, zeituni na kipande cha jibini, akasema, "Mungu amrehemu." Kila aliposikia hivyo, Emete alihisi habari inaletwa upya. Alilikunja jibini lile akiimba. Alilibonyeza dole gumba mara mbili mbili, kwa furaha. Chumvi alipunguza kidogo, kwa sababu wageni wa sherehe hunywa sana.

Akaja Pelekanos, mwenye kiwanda, vidole vimenona kama soseji. Ndiye aliyekuwa akimwinda Loizos amuuzie gari na wateja wa baba yake. Akatafuna, akafumba macho.

"Wanasema limetoka kwangu," alimnong'oneza Emete. "Uongo mtamu huu. Lingekuwa langu nisingeuza, ningejifungia ndani nikala." Akachukua kipande kingine. "Pole, mama. Sasa hilo banda utafanya nini nalo peke yako? Maziwa niletee mimi. Bei yangu ndogo, lakini mimi sifi kizembe."

"Kula unyamaze," alisema Emete.

"Na nasikia marehemu alikuwa akipimapima mlango wa kinyozi pale Pile? Nami naupenda ule mlango."

Emete akampa zeituni, moja, iliyooza. Ndiyo silaha aliyokuwa nayo.

Nyuma ya Pelekanos alikuwa Maroulla, dada mkubwa wa marehemu, kizee kilichonyooka kama msumari. Kwa miaka yote alipokutana na Emete alikuwa akitazama ukuta. Akapokea kipande chake, akakigeuza. Kishimo cha dole gumba kilikuwa pale, kimejaa kivuli.

"Nani kalitengeneza?" aliuliza Maroulla.

"Kiwanda, shangazi," alidakia Loizos.

Kizee kikatazama kishimo. Kikatazama dole gumba la Emete. Kikatia kipande mdomoni, kikatafuna taratibu, machozi yakamtoka bila uso kubadilika.

"Chumvi pungufu," alisema, akaenda zake.

Ndoo zilipokwisha, Emete alikwenda kusimama nyuma ya gari lake, mahali pasipo na watu. Alitaka kulia. Ajabu ni kwamba kilio kilikataa, kama maziwa yanayogoma kuganda. Badala yake alikuja Loizos.

"Nimekuja kukushukuru," alisema, akitazama viatu vyake. "Sikutaka kukupigia. Nakwambia ukweli. Lakini lilikuwa neno lake la mwisho, na mimi si mtu wa kuvunja neno la baba yangu."

"Neno gani?"

"La jibini. La makaria."

Emete akageuka. "Alikwambia nini hasa? Nieleze kama alivyosema."

"Hakuweza kusema vizuri. Moyo ulianza, kisha mdomo ukapinda upande. Alikuwa anataja jina lako. Emete, Emete. Halafu lile neno, nusu nusu. Maka… makari… Mimi nikamwelewa. Nikamuuliza, 'Makaria, baba? Unataka jibini la Emete siku ya kukuzika?'"

"Akajibu?"

"Alitikisa kichwa."

"Alitikisa vipi, Loizos? Chini, au juu?"

Kijana akakunja uso. "Juu. Alikuwa anatafuta hewa, maskini. Kila nikimuuliza anainua kidevu, anatafuta hewa."

Emete akalishika gari.

"Tangu lini?" aliuliza, kwa sauti ambayo hata Nazife, aliyekuwa kitini, aliitambua akafungua mlango. "Alikuwa anasema hivyo tangu lini?"

"Jumatatu. Kila akifumbua macho. Alikufa Jumatano jioni."

"Na mimi ukanipigia Alhamisi."

"Ningekupigiaje kabla?" Loizos alishangaa kweli. "Niagize chakula cha maziko mtu bado anapumua? Huo si mkosi?"

Kutoka Pile hadi hospitali ya Larnaka ni mwendo wa kahawa kupoa. Jumatatu Emete alikuwa anafua. Jumanne alikuwa anagombana na kondoo. Jumatano jioni, Jumatano ile ile, alikaa kizingitini anamenya kunde na kuwaza jibu atakalokuja nalo Hambis. Nalo jibu lilikuwa kule, kitandani, linamwita, na kila likiulizwa swali la kaburi linainua kidevu: hapana, hapana, hapana.

"Kitu kingine," alisema Loizos. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo mpya unaometa, umefungwa kwa uzi uliochanwa kwenye kitambaa cha kuchujia jibini. "Ulikuwa kwenye suruali yake. Hauingii mlango wowote wa kwetu. Nadhani ni wa banda lako. Jumatatu naweka saini kwa Pelekanos, vitu vyote vya baba vya Pile vinakwenda kwake, sitaki kumpa na kisicho chetu."

Emete aliutazama ufunguo. Banda lake lilifungwa kwa kipande cha waya, tangu enzi za baba yake.

"Ni wa kwako?" aliuliza Loizos.

"Ni wangu," alisema Emete, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anasema kweli bila kujua kama ni kweli.

Ukatua kiganjani. Ulikuwa na joto la mfuko wa kijana.

Loizos hakuondoka. Alisimama akikwaruza rangi ya gari kwa ukucha, na ghafla hakuwa tena mfanyabiashara wa kuweka saini Jumatatu. Alikuwa na masikio ya baba yake, yale yale, yaliyochomoza kama mishikio ya sufuria.

"Nilimwelewa, siyo?" aliuliza. "Nimefanya alivyotaka. Eti, shangazi?"

Shangazi! Hajawahi kumwita hivyo.

Emete alikuwa na neno la kumjibu. Alikuwa nalo ulimini, na lilitofautiana na lake kwa herufi moja tu. Akilitoa, kijana huyu hatalala tena. Kila akifumba macho ataona kidevu kikiinuka. Lilikuwa la Emete kwa haki, lile neno. Hakuwa ameachiwa kingine na dunia nzima.

Akalimeza.

"Umefanya alivyotaka, mwanangu," alisema. "Nenda kwa wageni wako."

Kijana akapumua, pumzi ndefu, akarudi getini amenyooka mabega. Hapo ndipo kilio cha Emete kilipokubali kuja. Alijiinamia kwenye buti la gari, ufunguo umemchoma kiganja, akalia bila sauti, na Nazife akamkumbatia kwa nyuma, mchuzi wa blauzi na yote.

"Emete," alisema Nazife baadaye. "Usigeuke haraka. Yule mnene mwenye vidole vya soseji. Alikuwa nyuma ya ukuta. Ameuona ufunguo."

Emete akageuka haraka. Gari la Pelekanos lilikuwa linatoka getini. Halikupinda kushoto, kwenda mjini. Lilipinda kulia, barabara ya Pile.

"Washa gari!" alifoka Nazife. "Washa, ufunguo huo ni wa mlango wa kinyozi, na mbao zake zimeoza, atauvunja kwa mguu!"

Emete akaingia, akazungusha ufunguo wa gari. Likakohoa. Likakataa. Akazungusha tena. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na mtu akaketi kati ya ndoo tupu, fimbo imesimama katikati ya magoti. Maroulla.

"Umemwongopea mtoto," alisema kizee, kwa Kituruki safi, Kituruki ambacho hakuna aliyejua kwamba anakijua. "Umefanya vyema. Lakini mimi si mtoto. Nilikuwa kando ya kitanda tangu Jumatatu. Mimi najua makari, na najua makaria, na kidevu cha ndugu yangu nakijua tangu kilipoota ndevu."

Emete aliachia usukani. Aligeuka mzima mzima, akamtazama mwanamke yule usoni.

"Uliijua nyumba yangu?"

"Naijua."

"Ulijua ananiita mimi, niende, akiwa hai?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini," alisema Emete, "kwa nini hukuniita?"

Gari likawaka lenyewe, kwa kishindo, kama linalotaka kuwafunika. Maroulla alisubiri litulie. Alikuwa ameshika kipande cha jibini chenye kishimo, cha pili, alichokificha kwenye leso.

"Kwa sababu nilijua ungekuja, nami sikutaka uje," alisema. "Twende, wifi."